Maswali ya Wasomaji: Upande Mmoja wa Uwanja Umeachwa Wazi, Mbona Mpigaji Hapigi Bunti?

Barua nne tunazozijibu katika toleo hili zinahusu jambo moja la besiboli ya kulipwa ya Marekani, nalo ni bunti dhidi ya ulinzi uliohama. Kwa msomaji ambaye hajauzoea mchezo, bunti ni pigo ambalo mpigaji hazungushi gongo lake, bali hulikinga mbele ya mpira ili mpira uguse na kubingirika polepole karibu naye, kisha yeye hutimua mbio kuelekea besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka, umbali wa mita 27.4. Ulinzi uliohama ni ule ambao walinzi wa ndani, yaani wale wanaosimama karibu na besi, huacha nafasi zao za kawaida na kurundikana upande ambao mpigaji huyo hupeleka mipira yake mara nyingi. Kwa mpigaji mashoto, upande huo ni wa kulia, kwenye besi ya kwanza na ya pili, kwa hiyo upande wa besi ya tatu hubaki wazi au karibu wazi.

Swali kutoka Minneapolis, Marekani

Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mama mzaliwa wa Malindi, na kwa sasa ninaishi Minneapolis. Wanangu ni mashabiki wa Minnesota Twins, nami nimejifunza mchezo huu kwa kukaa nao mbele ya televisheni. Juzi walikuwa wakitazama mechi za zamani, za kabla ya mwaka 2023, nikaona mpigaji wa mkono wa kushoto anaingia na walinzi watatu wa ndani wanahamia upande wa kulia, huku upande wa pili ukibaki kama shamba lililokwisha kuvunwa. Kwa nini mtu anayelipwa mamilioni ya dola asiusukume mpira kule kusiko na mtu, akafika besi ya kwanza bila jasho? Mwanangu mkubwa ananiambia kuwa ni kiburi tu. Je, ni kweli?

Jibu

Dada mpendwa, kiburi kimo, lakini hakitoshi kueleza jambo zima, na mwanao si wa kwanza kulisema hilo. Swali lako liliulizwa kwa sauti kubwa mwaka 1946, wakati mpigaji aliyeogopwa kuliko wote alikuwa Ted Williams wa Boston Red Sox, mashoto aliyepeleka karibu kila mpira upande wa kulia. Tarehe 14 Julai mwaka huo, Boston walicheza mechi mbili kwa siku moja na timu ya Cleveland. Katika mechi ya kwanza Williams alipiga homurani tatu, yaani mipira mitatu iliyotoka nje kabisa ya uwanja. Lou Boudreau, aliyekuwa mlinzi na wakati huohuo kocha mkuu wa Cleveland, hakutaka kuyaona hayo tena, na katika mechi ya pili, Williams alipokuja kupiga, aliwahamisha walinzi wake wote upande wa kulia isipokuwa mmoja, mlinzi wa nje wa kushoto, aliyeachwa peke yake alinde nusu ya uwanja.

Kila aliyekuwa uwanjani aliona njia iliyo wazi, na Williams aliiona vilevile. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa aliendelea kupiga kama alivyozoea, akiamini kwamba nguvu zake zingeushinda ukuta ule. Mwezi Septemba, huko Cleveland, aliupeleka mpira kushoto juu ya kichwa cha mlinzi yule wa pekee, akazunguka besi zote kabla mpira haujarudishwa. Ilikuwa homurani pekee ya aina hiyo katika maisha yake yote ya uchezaji, na ndiyo iliyoipa Boston ushindi wa 1-0 na ubingwa wa ligi yao. Ilipofika fainali ya mwaka huo dhidi ya St. Louis Cardinals, nao walihamisha ulinzi. Katika mechi ya tatu Williams alipiga bunti upande uliokuwa wazi na kufika besi ya kwanza salama, na magazeti ya Boston yakaifanya bunti hiyo kuwa kichwa cha habari. Fainali ilipokwisha, Williams alikuwa amepata mapigo matano katika majaribio 25, yaani mara tano tu alifika besi kwa mpira alioupiga, yote ya besi moja tu, na Cardinals walitwaa ubingwa katika mechi ya saba.

Watu wengi huisimulia habari hii kama kisa cha mtu mwenye kichwa kigumu. Mimi naomba uitazame kutoka upande wa Cardinals. Williams alikuwa amepiga homurani 38 msimu ule. Mtu kama huyo anapokubali kuusukuma mpira polepole ili apate besi moja, mpinzani wake hahuzuniki, maana amebadilishiwa simba kwa paka. Walinzi wanaohama hawajasahau upande wa pili. Wameuacha wazi kama mtu anayeweka chambo, na bunti ndiyo bei wanayokuwa tayari kuilipa ili mpigaji asitumie silaha yake kubwa. Mfano wa karibu zaidi ni Joey Gallo, ambaye wanao watamkumbuka kwa sababu alichezea Twins mwaka 2023. Mwaka 2017, akiwa Texas Rangers, alipiga homurani 41, na mapigo ya besi moja 32 tu. Homurani zilikuwa nyingi kuliko mapigo madogo! Ungekuwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, ungependa Gallo achague lipi?

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa kuwa bila hesabu tutabaki kubishana kuhusu tabia za watu. Wachambuzi wa besiboli wana jedwali linaloonyesha, kwa wastani wa maelfu ya mechi, timu hutarajia mikimbio mingapi, yaani pointi za wachezaji wanaozunguka besi zote na kurudi nyumbani, kabla zamu yake ya kupiga haijaisha. Ikiwa hakuna mtu kwenye besi na hakuna aliyetolewa (watatu wakitolewa zamu imekwisha), matarajio ni karibu nusu mkimbio. Mtu akiwa besi ya kwanza na hakuna aliyetolewa, matarajio hupanda hadi karibu 0.9. Mpigaji wa kwanza akitolewa na besi zikabaki tupu, hushuka hadi karibu robo. Kwa hiyo bunti iliyofaulu mwanzoni mwa zamu huongeza kama 0.4, na iliyoshindwa hupunguza kama 0.25. Ukigawanya utaona kwamba mpigaji wa kawaida akifaulu mara nne katika kumi hajapata hasara. Mpigaji hodari anahitaji kufaulu zaidi ya hapo, karibu nusu ya majaribio, kwa kuwa anaacha thamani kubwa ya pigo lake la kawaida. Dhidi ya upande ulio wazi kabisa, nusu si lengo la mbali kwa mtu aliyejifunza bunti vizuri.

Lakini tazama hali inavyobadilika watu wawili wakishatolewa. Mtu akiwa besi ya kwanza huku wawili wametolewa, timu hutarajia karibu 0.2 tu, kwa sababu mpigaji mmoja zaidi akikosea zamu imekwisha. Bunti hapo imenunua kitu kidogo sana, ilhali homurani ni mkimbio mzima wakati wowote. Na kukiwa na mwenzake besi ya pili, bunti inaweza isimfikishe nyumbani, wakati homurani huleta mikimbio miwili. Kwa hiyo mwanao akimwona mpigaji wa homurani anazungusha gongo kwa nguvu zote huku watu wawili wametolewa na upande wa kushoto ni mtupu, asimwite mpumbavu. Akimwona anafanya vivyo hivyo akiwa wa kwanza katika zamu, timu yake ikiwa nyuma kwa mkimbio mmoja, hapo lawama ina mahali pa kukaa.

Liko jambo lingine ambalo sisi watazamaji hulisahau kwa urahisi. Bunti ni kazi ngumu. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye bamba la nyumbani, mahali anapopigia mpigaji, na mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa sekunde 0.4 hivi. Mrushaji anayejua kwamba bunti inawezekana hurusha juu na ndani, karibu na mikono, na mpira wa juu ukiguswa na gongo lililokingwa huruka hewani kama chapati na kudakwa. Tena kanuni ni kali: mpigaji mwenye straiki mbili, yaani amebakiwa na kosa moja kabla ya kutolewa, akipiga bunti ikatoka nje ya mistari, ametolewa, ingawa pigo la kawaida likitoka nje huwa anapata nafasi nyingine. Ndiyo maana timu nyingi zilimwacha mlinzi wa besi ya tatu mahali pake mpaka mpigaji afikishe straiki mbili, kisha zikamhamisha. Kwenye televisheni uliuona uwanja ulio wazi, lakini mara nyingi mlango ule ulikuwa umefunguliwa baada ya ufunguo kuchukuliwa.

Hata hivyo sitaki nionekane kuwatetea wote. Kwa maoni yangu, vilabu vilikosea mahali pamoja, na kosa hilo lilikuwa kubwa. Vilipima bunti kwa kile inachokileta siku ileile, na havikupima kile inachomlazimisha mpinzani kukifanya siku inayofuata. Mpigaji anayejulikana kwamba anaweza bunti, na kwamba ataipiga mara mbili au tatu katika wiki, humrudisha mlinzi wa besi ya tatu mahali pake, na mlinzi huyo akirudi, ule mwanya wa upande wa kulia, ambao mpigaji anautaka kwa moyo wake wote, unafunguka tena. Anthony Rizzo, mashoto mwenye homurani nyingi, alikuwa akipiga bunti mara kwa mara bila aibu, na wapinzani walilazimika kulifikiria hilo kila alipoingia. Wengi wa wenzake walifika ligi kuu bila kuwahi kufundishwa, kwa kuwa tangu ujana wao walilipwa kwa nguvu za mabega, na mtu wa miaka 30 hajifunzi kwa majuma mawili kazi ambayo Rod Carew, aliyekuwa mara saba bingwa wa wastani wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio inayozaa mapigo, aliifanyia mazoezi maisha yake yote. Kwa hiyo, dada yangu, mwambie mwanao kwamba palipokuwa na kosa, mara nyingi lilikuwa la walimu na vilabu kabla ya kuwa la kiburi cha mchezaji.

Swali kutoka Baltimore, Marekani

Mwandishi mheshimiwa, mimi ni kijana kutoka Bukavu, ninasoma na kufanya kazi hapa Baltimore. Wenzangu kazini bado wanabishana kuhusu bunti ya Chance Sisco ya mwaka 2018, ambayo Twins waliikasirikia. Wengine wanasema kwamba kuna adabu za mchezo ambazo hazikuandikwa. Naomba unieleze nani alikuwa na haki.

Jibu

Ndugu yangu, tukio hilo lilitokea tarehe 1 Aprili 2018, hapo hapo Baltimore. Twins walikuwa mbele kwa 7-0 katika zamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, na mrushaji wao José Berríos alikuwa ameruhusu pigo moja tu tangu mwanzo. Sisco, mdakaji wa Orioles, timu ya Baltimore, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, alikuta walinzi wamehamia kulia, akapiga bunti upande wa kushoto na kufika besi ya kwanza. Baada ya mechi, Berríos na mwenzake Brian Dozier walilalamika hadharani kwamba katika hali ile bunti haikufaa.

Nimeyafikiria malalamiko hayo mara nyingi, na siwezi kuyaunga mkono. Twins ndio waliohamisha ulinzi wakiwa mbele kwa mikimbio saba. Kama waliona mechi imekwisha, wangewarudisha walinzi mahali pao pa kawaida na kumwacha kijana apige. Kama waliona haijakwisha, kiasi cha kutafuta faida ya kuhama, basi Sisco naye alikuwa na haki ileile ya kuona haijakwisha. Na kweli haikuwa imekwisha, kwa kuwa baada ya bunti ile Orioles walifanikiwa kujaza besi zote tatu, na homurani moja hapo ingefanya matokeo yawe 7-4. Haikutokea, na Berríos alimaliza kazi yake bila kufungwa.

Wanaotaja adabu hukumbuka zaidi kisa cha tarehe 26 Mei 2001, San Diego. Curt Schilling wa Arizona alikuwa amewatoa wapigaji wote wa Padres, timu ya San Diego, mpaka zamu ya nane, bila hata mmoja kufika besi, na Ben Davis akauvunja ukamilifu huo kwa bunti. Kocha wa Arizona, Bob Brenly, alikasirika sana. Lakini matokeo wakati huo yalikuwa 2-0 tu, na mtu mmoja kwenye besi maana yake mpigaji anayefuata anaweza kusawazisha. Sioni adabu gani inamtaka mtu ashindwe kwa heshima ya rekodi ya mpinzani.

Upande ambao nauelewa zaidi ni wa kinyume, timu inayoongoza kwa mbali inapoendelea kupiga bunti. Mwezi Aprili 2014, Jed Lowrie wa Oakland alijaribu bunti dhidi ya ulinzi uliohama wa Houston timu yake ikiwa mbele kwa 7-0, na baadaye katika mechi ileile mpira ulirushwa kumlenga mwilini. Ukisikia hivyo utadhani kwamba alikuwa akimdhihaki mpinzani katika dakika za mwisho, kumbe ilikuwa bado zamu ya kwanza, mechi nzima ikiwa mbele yao, na Houston wenyewe walikuwa wamehama. Kumrushia mtu mpira mgumu mwilini kwa sababu amepiga palipo wazi ni jambo la hatari, na nasikitika kila ninapoona linaitwa adabu.

Swali kutoka Dar es Salaam, Tanzania

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ninacheza besiboli. Nimewahi kucheza kwenye uwanja wa Azania. Mimi ni mashoto, na kocha wetu anatufundisha bunti ya kumsogeza mwenzako. Je, bunti ya kwenda mahali palipo wazi ni ileile? Naomba unifundishe namna ya kuipiga kuelekea besi ya tatu.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusikia kwamba uwanja ule wa Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani, unatumika. Haishangazi kwamba kocha wako anaanza na bunti ya kumsogeza mwenzako, kwa sababu besiboli ya Tanzania imefundishwa kwa kiasi kikubwa na Wajapani, na katika shule za Japani bunti hiyo ni somo la lazima. Katika bunti hiyo unakubali kutolewa wewe ili mwenzako asogee besi moja, kwa hiyo unaweza kukinga gongo mapema, kila mtu akijua, na kazi yako ni kuufisha mpira, yaani kuupunguzia kasi ili usimame karibu.

Bunti ya kupenya palipo wazi ni tofauti kwa mambo mawili. Kwanza, unataka kufika salama wewe mwenyewe, kwa hiyo usilionyeshe gongo mapema. Subiri mpaka mkono wa mrushaji unakaribia kuachia mpira. Pili, mpira usiufishe mno. Watu wanaobaki kuulinda upande ule ni mrushaji na mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, na mpira mfupi utaokotwa na mmoja wao. Unataka ubingirike kwa nguvu ya kutosha kumpita mrushaji upande wa kushoto wa kituta chake, uelekee mahali ambapo mlinzi wa besi ya tatu angekuwepo kama hangehama. Mpira ukishampita mrushaji, hata bunti isiyo nzuri ni pigo.

Kwa mashoto, simama sehemu ya mbele ya eneo la mpigaji, kwa kuwa kadiri unavyokuwa mbele ndivyo mpira unavyopata nafasi kubwa ya kuangukia ndani ya mistari. Telezesha mkono wa juu hadi katikati ya gongo, na vidole vyako viwe nyuma ya gongo, visilizunguke kwa mbele, maana vidole vingi vimevunjwa kwa kosa hilo. Ncha ya gongo iwe juu kidogo kuliko mkono wa chini. Ili mpira uelekee besi ya tatu, ncha ya gongo ibaki nyuma kidogo, karibu na mdakaji, na mkono wa chini utangulie, ndipo uso wa gongo utakapotazama upande unaoutaka. Mpira ukija chini zaidi ya ulivyotarajia, kunja magoti na usishushe mikono. Acha mpira uje kwenye gongo badala ya kuufuata, na chagua mpira ulio nje kidogo au katikati. Wa juu uachie, hata kama ni straiki. Usianze kukimbia kabla gongo halijagusa mpira. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa vijana wengi wenye mbio, kwamba miguu inaondoka na macho yanaifuata.

Ukiwa na straiki mbili, acha. Kanuni niliyoieleza katika jibu la kwanza inatumika kwenu pia.

Katika mechi za shule huenda usikute walinzi wamehama kama wa ligi kuu, kwa sababu kuhama kunahitaji kumbukumbu za mamia ya mapigo ya mtu mmoja. Lakini mara nyingi utamkuta mlinzi wa besi ya tatu amesimama nyuma sana, na hapo nafasi ni ileile. Isitoshe, katika ngazi yenu bunti ina thamani kuliko kwa watu wazima wa kulipwa. Mlinzi lazima akimbilie mbele, ainame, aokote, ageuke na kurusha mbali hadi besi ya kwanza, na kila hatua kati ya hizo ni nafasi ya kukosea. Jifunze sasa, ukiwa na umri ambao mwili unakubali. Dakika 15 kila siku, na mwenzako akikurushia polepole kwanza, zinatosha kuanzia.

Swali kutoka Toronto, Kanada

Ndugu mwandishi, nimesikia kwamba tangu mwaka 2023 kuhama kwa walinzi kumepigwa marufuku. Je, bado kuna sababu ya kuzungumzia bunti hii?

Jibu

Ndugu msomaji, marufuku ipo, lakini si kamili. Kanuni iliyopitishwa Septemba 2022 na kuanza kutumika msimu wa 2023 inasema kwamba mrushaji anapokuwa tayari kurusha, walinzi wanne wa ndani lazima wawe wawili kila upande wa besi ya pili, na miguu yao yote iwe ndani ya mpaka wa uwanja wa ndani. Kanuni ilipoanza, timu ikiivunja, mpigaji alipewa boli, yaani mpira uliohesabiwa kuwa mbaya, isipokuwa timu yake ilipopenda kuchukua matokeo ya pigo lenyewe.

Sababu ya kanuni ilikuwa kwamba kuhama kulikuwa kumeenea mno. Msimu wa 2022 walinzi walihama katika karibu theluthi moja ya nafasi zote za kupiga, na kwa mashoto katika zaidi ya nusu. Baada ya marufuku, wastani wa kupiga wa ligi nzima ulipanda kutoka 0.243 hadi 0.248. Kwa mashoto, ukihesabu mipira iliyopigwa ikabaki uwanjani, wastani ulitoka 0.283 hadi 0.295. Ni ongezeko la kweli, ingawa ni dogo kuliko wengi walivyotegemea.

Mimi binafsi niliipokea kanuni hiyo kwa majonzi kidogo. Mashoto wa ligi kuu walikuwa wameulizwa swali gumu na la haki, na jibu lake lilikuwa mikononi mwao, katika bunti na katika kujifunza kupiga upande wa kushoto. Kabla hawajalijibu, wakubwa wa ligi walilifuta swali lenyewe. Naelewa kwamba mtazamaji alitaka kuona mapigo mengi zaidi, na siwezi kusema kwamba mchezo umeharibika. Ila ningependa tungeona kizazi kimoja cha wapigaji kikilelewa na bunti kabla ya kufikia uamuzi huo.

Tena walinzi wa nje hawakuguswa na kanuni hiyo. Katika mechi za maandalizi mwanzoni mwa mwaka 2023, Boston Red Sox walimhamisha mlinzi wa nje akasimama upande wa kulia, karibu na walinzi wa ndani, ili kumzuia yuleyule Joey Gallo, na sehemu kubwa ya nje ya kushoto ikabaki tupu. Mpigaji wa namna hiyo sasa hatafaidika sana na bunti, kwa kuwa walinzi wawili wa ndani wa kushoto wapo, bali na pigo jepesi linalowapita vichwani.

Bunti yenyewe bado ina nafasi kwa sababu moja ambayo watazamaji hawaitilii maanani. Kanuni inamtaka mlinzi wa besi ya tatu awe upande wake, lakini haisemi asimame mbele au nyuma, na kwa mashoto mwenye nguvu yeye hurudi nyuma mpaka ukingoni mwa uwanja wa ndani, tena mara nyingi akiwa amesogea mbali na mstari. Kutoka hapo, mpira ulioguswa vizuri ukafuata mstari una safari ndefu kabla haujafikiwa. Utakapotazama mechi ijayo pale Toronto, kabla mrushaji hajaanza, usimwangalie mpigaji kwanza. Mwangalie mlinzi wa besi ya tatu amesimama wapi, kisha uhesabu ni watu wangapi wametolewa na nani yuko kwenye besi.